Mahema Yaliyohama na Namba Zake

Nilikuwa nimefika pale penye utamu wa hadithi, pale ninapoinua kidole na kusema "na hapo ndipo nikajua ni kisima," wakati Daktari Jerotich alipotoka ndani ya nyumba yake ya Moiben amebeba karatasi iliyoviringishwa kama mkeka. Tulikuwa tumekuja kumuaga. Amestaafu, amerudi kwa ng'ombe wake, na sisi makachero wa magonjwa wa darasa lake la kwanza tulikuwa tumekaa kwenye nyasi mbele ya ugali mkubwa kama gurudumu la trekta na mursik, maziwa ya kibuyu yaliyotosha kuogesha kanisa zima. Wote tumeota vitambi. Wote tumeota mvi, isipokuwa mimi, ambaye nimeota upara. Wenzangu walikuwa wamenisukuma nisimulie ile ya kambi, kama kawaida, kwa maana hiyo ndiyo hadithi yangu. Nimeisimulia kwa kila kundi la vijana wanaoingia mafunzoni, na kwa kila mtu aliyewahi kukaa karibu nami kwenye harusi. Daktari akasogeza bakuli la mboga ya sukuma, akaitandaza ile karatasi katikati ya sahani. "Endelea, Wekesa," akasema. "Mimi pia nataka kusikia." Nilitazama. Ilikuwa ramani yangu. Pini zilikuwa zimetolewa, lakini matundu yalikuwepo, mengi kama ya chekeche la unga, na pembeni doa la chai niliyoimwaga mimi mwenyewe. Na kwenye lango, kwa wino wangu mwekundu, duara kubwa kuzunguka neno TANKI. Katika hadithi yangu, jinsi nimeisimulia miaka hii yote, kuna kambi, kuna ugonjwa, kuna ramani, kuna kisima. Tanki halimo.

Basi nitaiweka hapa yote, na tanki lake.

Mwaka ule, 2008, ndio tulikuwa tumeanza mafunzo. Epidemiolojia ya vitendo, miaka miwili: unakaa darasani wiki chache, halafu unatumwa mahali watu wanapougua ili utafute ni nini kinawaumiza, kimetoka wapi, na kitazimwa namna gani. Wenzangu walikuwa madaktari na wahitimu wa vyuo vikuu waliozaliwa, nadhani, na kikokotoo mkononi. Mimi nilikuwa msomi wa jioni. Kidato cha nne nilikifanya jioni, baada ya kazi ya kuosha vioo vya maabara, katika shule ya msingi ambako tuliketi kwenye madawati ya darasa la pili na magoti yakiwa yamepita masikio. Diploma ya afya ya jamii niliipata jioni vilevile. Darasa letu la epidemiolojia lilikuwa ghorofani mjini Eldoret, juu ya duka la dawa za mifugo, na mpaka leo nikisikia harufu ya dawa ya kupe ninakumbuka jinsi ya kulinganisha wagonjwa na wazima katika jedwali la visanduku vinne. Dereva wetu, Mzee Kiptum, mtu wa Soy, mwembamba na mwenye kofia ambayo sidhani iliwahi kuvuliwa hata kwa ubatizo, aliniita Profesa wa Jioni. "Profesa," angesema ninapopanda gari asubuhi, "leo utaweza kuona na jua limetoka hivi?" Nilicheka kuliko wote. Lakini ukweli ni kwamba nilikuwa na hofu mchana na usiku kwamba kuna mtu ataamka siku moja agundue niliingia pale kwa makosa, na kwa sababu hiyo nilipenda sana kitu chochote kilichonifanya nionekane msomi.

Nyumbani kwangu kulikuwa chumba kimoja mtaa wa Langas, katika ploti ya milango minane ya kupanga. Kufikia mwezi wa pili, milango mitano ilikuwa na kufuli. Sitasimulia sana zile wiki za moshi baada ya uchaguzi, majirani walipowindana kwa kabila. Aliyekuwepo anazijua na asiyekuwepo ameshahadithiwa na watu wenye haki kuliko mimi. Nitasema tu kuhusu ukuta. Upande wa pili wa ukuta wangu alikaa Nyokabi, fundi wa nguo, mke wa dereva wa lori, na ukuta wenyewe ulikuwa mwembamba hivi kwamba mimi nikipiga chafya yeye aliniambia pole. Miaka miwili nilisoma vitabu vyangu nikisikia cherehani yake. Iliponyamaza, nilijua ni wakati wa chai. Asubuhi moja, siku chache baada ya matokeo ya uchaguzi, alipandishwa lori la polisi pamoja na wengine wa ploti, mimba yake ikiwa ya miezi kama sita, mkononi ana beseni, blanketi na mkasi. Mume wake alikuwa amekwama upande wa Nakuru na barabara zimefungwa. Cherehani haikuwa na nafasi kwenye lori. Alinitupia ufunguo. "Jirani, nichungie mashine," akasema, kama mtu anayekwenda sokoni. Nikaichunga. Kila Jumapili nilifungua kile chumba, nikaketi kwenye kiti chake, nikakanyaga pedali bila uzi wala kitambaa, ili isishike kutu. Nadhani pia nilikuwa ninataka tu kuisikia.

Wale watu walipelekwa uwanja wa maonyesho ya kilimo. Mahali ambapo watu walizoea kwenda kutazama ng'ombe walioshinda zawadi, sasa palikuwa na mahema meupe, safu kwa safu, na moshi wa githeri, mahindi na maharagwe, ukitoka kila mahali. Mwezi wa tatu ulipoanza, wauguzi wa kambi waliripoti watu wanaohara na kutapika, na kila siku hema la matibabu likajaa zaidi ya jana. Daktari Jerotich alikuwa msimamizi wetu, mwanamke mfupi, mkavu, ambaye kicheko chake nilikisikia mara mbili tu katika miaka miwili. Akaniteua mimi. Wenzangu walikuwa wametumwa pengine, kwa hivyo nadhani nilikuwa nimebaki kama kiazi chini ya gunia, lakini barua niliyomwandikia kaka yangu ilisema nimechaguliwa miongoni mwa wengi. Ndani ya ile barua kambi ilikuwa na watu milioni.

Siku ya kwanza nilikwenda safu ya kwanza na ubao wangu wa kuandikia na fomu. Jina, umri, mahali ulikotoka, siku uliyoanza kuugua. Hiyo ndiyo kazi: huwezi kutafuta ugonjwa bila orodha ya wagonjwa. Mwanamume mmoja aliyekuwa akichanja kuni alisimama. "Majina?" akauliza. Hakupaza sauti. "Majina ya nini tena? Tulipoandikwa mara ya kwanza kule mitaani, unajua ilikuwa ya kuchagua nyumba za kuchoma?" Wanawake waliokuwa wakimenya viazi wakaacha. Mmoja alimvuta mtoto wake kwa mkono akaingia naye ndani, akafunga zipu ya hema. Katika darasa letu juu ya duka la dawa za mifugo tulifundishwa orodha ya wagonjwa kwa wiki nzima, na hakuna aliyesema kuna mahali ambapo mtu mwenye orodha ndiye anayeogopwa. Niliomba radhi, nikarudi hema la ofisi.

Hapo nikabuni kitu, na ninataka nipewe haki yangu, kilikuwa kizuri. Nikamwambia Daktari: tusiulize majina, wala mtu alikotoka. Kila hema limepigwa namba kubwa kwa rangi nyeusi, na kambi ina daftari linaloonyesha namba gani iko safu gani. Mgonjwa akija kwa muuguzi aseme namba ya hema tu. Daktari alifikiri kidogo. "Hilo lina adabu," akasema, na kwangu hiyo ilikuwa kama kuvishwa joho. Halafu akaongeza neno ambalo alimwambia kila mmoja wetu kila siku, hata kama mtu alikuwa anataka tu kuomba ruhusa ya kwenda kwa daktari wa meno: "Lakini utembee, Wekesa. Uone kwa macho."

Sikutembea. Nilisema nitaandika yote, basi na hili naliandika. Niliogopa yule mwanamume mwenye kuni. Niliogopa ile zipu. Nikabandika karatasi nne pamoja, nikachora kambi kutoka kwenye daftari, safu zimenyooka kama mahindi ya Soy, nikanunua pini zenye vichwa vya rangi, na nikaketi ndani ya hema la ofisi na birika la chai. Muuguzi alinipigia kelele kutoka nje, "Hamsini na tatu! Mia moja na tisa!" nami nikachoma pini. Nilichoma kwa madaha. Hema moja tu katika kambi nzima nililitembelea kwa miguu yangu, na lilikuwa la Nyokabi, safu ya kwanza, karibu na lango na tanki la maji. Yeye alikuwa mzima. Alikuwa ameketi juu ya beseni lililogeuzwa, tumbo limemtangulia, akishona tundu la shati la mtu kwa mkono.

"Mashine yangu?"

"Inakusalimu."

"Umeiweka mafuta?"

"Mpaka inateleza kama siasa."

Alicheka, akashika mgongo. "Na wewe nasikia siku hizi ni fundi kama mimi. Ati unachoma pini kwa karatasi kutoka asubuhi mpaka jioni."

"Ninawapima ugonjwa wenu."

"Unatupima na hujatutoa hata nje ya hema tusimame?" Akakata uzi kwa meno. "Wee Wekesa. Mimi siweki pini kabla sijapima mwili wa mtu. Nguo inaweza kutoka na mkono mmoja."

Nilicheka na kurudi kwenye birika langu. Na pini zangu zilikuwa zimetawanyika juu ya kambi yote, huku tatu, kule mbili, kama mtu aliyetupia kuku mtama. Ugonjwa uliotapakaa hivyo, vitabu vilisema, tafuta kitu ambacho kila mtu anakitumia. Kambi nzima ilikuwa na kitu kimoja kama hicho: tanki jeusi la lango, lililojazwa na malori. Ni kweli kipimo cha dawa ya maji kilionyesha tanki liko sawa. Nilikiona. Nikaamua kipimo kimekosea, kwa maana pini zilikuwa nyingi na kipimo kilikuwa kimoja. Daktari alikuwa Nairobi kwenye mkutano. Nikampigia simu nikamweleza.

"Dawa kwenye maji ya tanki imepimwa?"

"Imepimwa, Daktari. Inasoma vizuri, Daktari. Lakini ramani, Daktari, inasema vingine."

"Umetembea?"

"Nimetembea, Daktari. Nimetembea mpaka soli zimeisha, Daktari."

"Kama umetembea," akasema polepole, "basi sawa. Lifungeni, lisafishwe."

Siku hiyohiyo kamati ya kambi ilifunga mnyororo kwenye mabomba ya tanki. Nilisimama kando nimefunga mikono nyuma kama waziri.

Siku ya tatu baada ya kufunga, hema la matibabu halikuwa na nafasi ya kuweka mguu. Wagonjwa walilala mpaka nje kwenye majani, chupa za dripu zimefungwa kwenye kamba ya kuanikia nguo. Nilikuwa ninapita katikati yao nikitafuta maelezo ambayo hayangenihusu, wakati wanawake wanne walipofika wamebeba blanketi kwa pembe zake, na ndani ya blanketi alikuwa Nyokabi. Uso wake ulikuwa umeingia ndani, midomo imepasuka, na ngozi ya mkono nilipoivuta ilibaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa. Muuguzi alitafuta mshipa, akakosa, akatafuta tena. Nyokabi alinitambua.

"Maji umechota wapi?" nikamuuliza. Ndilo swali la kwanza kuhusu maji nililomuuliza binadamu yeyote katika ile kambi kwa mdomo wangu mwenyewe.

"Kisimani, kwa mabanda ya ng'ombe," akasema. "Si mlifunga tanki? Tungekunywa mate?"

Sikujua kama kuna kisima. Sikujua! Pembeni yake, kwenye mkeka, alikuwa amelala mwanamke wa makamo, Mama Gathoni, aliyekuwa amepona kiasi cha kuwa na hasira. Ili nisiutazame uso wa Nyokabi, nilimwuliza yeye namba ya hema lake.

"Kumi na nne."

"Kumi na nne iko hapa safu ya kwanza," nikasema. "Basi mnakaa karibu na Nyokabi."

"Karibu wapi? Mimi nalala kule chini, kwa mabanda."

"Lakini daftari linasema kumi na nne—"

"Daftari nalo linalala wapi?" akasema Mama Gathoni. "Kijana, tulipokuja hapa tulipangwa tu vile lori ilifika. Nikajikuta katikati ya watu sijui. Sasa nikilala, nani ananiangalia? Watu wangu wa Langas, wa kanisa langu, wote wameteremka kule chini. Tukasema wacha tukae pamoja, mmoja akisikia kitu, wote waamke. Tukashika hema, huyu pembe hii, huyu pembe ile, tukahama."

"Na namba?"

Alinitazama kama mtu anayemtazama mbuzi aliyevaa tai. "Namba si imeandikwa kwa hema? Tulibeba hema, namba ikakuja."

Nilitoka pale nikikimbia. Nilikwenda safu ya kwanza nikahesabu kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu, na baada ya kumi na tatu palikuwa na mraba wa majani ya manjano, umbo la hema kamili, na vishimo vinne vya vigingi. Nikaenda safu ya tatu, nikakuta mraba mwingine. Safu ya tano, miwili. Nikateremka mpaka chini kabisa, nyuma ya mabanda ambako zamani ng'ombe wa maonyesho walifungwa, na huko mahema yalikuwa yamebanana kama vifaranga: kumi na nne imeegemea mia moja na tisa, hamsini na tatu imetazamana na themanini. Pini zangu zote. Kila pini niliyoichoma mahali tofauti, mwenyewe alikuwa hapa, na katikati yao, hatua thelathini kutoka kwenye lundo la samadi la miaka na miaka, kisima kifupi kisicho na kifuniko, kamba, na foleni ya mitungi. Foleni ilikuwa ndefu. Nusu yake walikuwa watu wa safu za juu, ambao mpaka juzi walikuwa wakinywa maji ya tanki na hawakuwa na shida yoyote, mpaka mimi nikawafungia.

Yule mwanamume wa kuni alikuwa kwenye foleni. Nikamshika mkono mbele ya watu, nikasema, "Mzee, maji haya msinywe. Mimi ndiye nimekosea, tanki ni zima. Nisaidie niwaambie watu." Alinitazama viatu kwanza, sijui kwa nini, halafu akageuka akawapigia wengine kelele kwa lugha yao, na mitungi ikaanza kumwagwa. Yeye ndiye aliyekata mnyororo wa tanki, kwa shoka lake, kabla kamati haijapata ufunguo.

Nyokabi alikuwa anazidi kuishiwa nguvu, na muuguzi akasema kambi haiwezi kumhudumia na mimba hiyo, apelekwe mjini. Gari lilikuwa letu na dereva alikuwa Mzee Kiptum. Tulipomfikisha mlangoni, Nyokabi alifungua macho, akasikia lafudhi ya Kikalenjin ya yule mzee, na akashika nguzo ya hema kwa mkono usiokuwa na dripu. "Huyo dereva ni wa wapi?" akaniuliza kwa sauti ndogo. Kila mtu alisikia. Kiptum alisikia. Alivua ile kofia, na nikaona kwa mara ya kwanza kwamba naye ana upara. "Mama," akasema, "mimi ni Kiptum wa Soy, nina binti wa umri wako, na hii barabara naijua shimo kwa shimo. Ukitaka nishuke, nashuka sasa hivi. Lakini atakayeendesha ni huyu Profesa wa Jioni, na hajui gia. Mtafika keshokutwa." Nyokabi alitazama ile kofia mkononi mwake. Kisha akaachilia nguzo. Njia nzima nilishika chupa ya dripu juu kwa mkono wangu, na Kiptum aliendesha kama aliyebeba mayai, na katika kizuizi cha vijana waliotaka kujua tumebeba nani alishusha kioo akaongea nao kwa Kikalenjin maneno ambayo mpaka leo amekataa kunitafsiria. Ninachojua ni kwamba waliondoa mawe na mmoja akasema pole.

Kwenye benchi la hospitali nilimpigia Daktari. Nilijua ninachofanya; nilikuwa nimeshaona kwenye akili yangu nikirudisha kitambulisho cha mafunzo na kuanza tena kuosha vioo. "Daktari," nikasema, "sikutembea. Nilikudanganya. Kisima ndicho kibaya, tanki lilikuwa zima, na nimelifunga, na watu wameugua kwa sababu yangu. Kuna mmoja huku ndani ana mimba." Alivuta pumzi. "Tanki limefunguliwa?" Nikasema limefunguliwa. "Kisima kimefungwa?" Nikasema nimeacha watu wakikifunika kwa mabati na mawe. "Umekula?" Kiptum aliichukua ile simu mkononi mwangu, akamwambia hajala, halafu akakata hindi lake la kuchemsha katikati, akanipa ile nusu kubwa. Tulikuwa hatujalimaliza wakati muuguzi alipotoka akatuuliza nani ni mume wa mgonjwa. Tukasimama sote wawili, sijui tulifikiri nini. Yeye naye hakuwa na muda wa kucheka. "Mama anapata nafuu," akasema. "Mtoto yuko sawa, anapiga mateke." Nililia pale machozi ya kujaza tanki lenyewe. Kiptum alivaa kofia yake mpaka kwenye nyusi na kusema kuna vumbi sana hospitali hii.

Daktari alirudi kesho yake. Hakunifukuza na hakunisamehe kwa maneno. Alivua viatu vyake vya mkutano, akavaa raba, tukatembea kambi yote siku tatu, hema kwa hema, tukiuliza swali moja: maji ya kunywa unachota wapi? Yule mzee wa kuni alitutangulia, akisema, "Hawa hawaandiki majina." Tukachora upya, na safari hii pini zilikaa pamoja chini kwenye kona kama nyuki. Baada ya wiki mbili hema la matibabu lilikuwa na mgonjwa mmoja, na yeye alikuwa amejikata kwa kopo. Hakuna aliyekufa. Nimeiandika sentensi hiyo na nimeinuka nikazunguka meza yangu kabla ya kuendelea. Hakuna aliyekufa. Ingeweza kuwa vingine, na ningekuwa ninaandika kitu tofauti, au nisingeandika.

Pale Moiben niliwasimulia hayo wenzangu, kidole changu kikiwa juu ya lile duara jekundu. Hawakucheka mahali nilipozoea wacheke. Walicheka mahali pengine, kwenye mbuzi aliyevaa tai. Nilipomaliza, Daktari alinimiminia mursik. "Nilijua kwenye simu kwamba hujatembea," akasema. "Mtu aliyetembea haniiti Daktari mara tano kwa dakika moja. Nilijua, na nikakubali tanki lifungwe, kwa sababu nilikuwa nimechoka na mkutano ulikuwa unaanza. Ndiyo maana nilikaa na hii ramani. Nusu ya matundu ni yangu." Miaka yote hiyo nilidhani ameificha ili kunitunzia aibu yangu. Tuliinamia ile karatasi, wazee wawili, na nikahisi kifua changu kimekuwa chepesi kama hema lililong'olewa vigingi. Halafu akacheka, na hiyo ilikuwa mara ya tatu.

Kuna kipande kimoja ambacho hata yeye hakukijua. Mwishoni mwa mwaka ule watu walianza kurudi Langas, mlango mmoja, mlango mwingine, na Nyokabi akaja akachukua ufunguo wake. Alasiri moja nilikuwa kitandani na vitabu vyangu, nikasikia cherehani ikianza nyuma ya ukuta: taratibu kwanza, kisha kwa kasi. Nilikaa nikisikiliza mpaka nikaogopa itanyamaza. Nilikuwa nimemwambia Daktari, lakini Nyokabi sikuwa nimemwambia. Nikavaa viatu, kwa safari ya hatua nne, nikasimama mlangoni mwake. Mtoto alikuwa amelala ndani ya lile beseni, chini ya meza, msichana mnene ambaye jina lake, kama desturi yao ilivyo, ni la nyanya yake. Nikasema yote kwa mkupuo mmoja: tanki, pini, uongo, na kwamba alikunywa yale maji kwa sababu yangu.

Nyokabi hakuinua mguu kwenye pedali.

"Najua," akasema. "Kambi nzima ilijua. Ulijitangaza mwenyewe kisimani na sauti kama ya mnada." Akasukuma upande mmoja wa pazia refu alilokuwa akishona kuelekea kwangu. "Sasa ingia, shika huku. Usivute. Shika tu."

Nikaingia, nikashika.